Massawe Yupi?

    Msikilizaji, kama uko jikoni, isogeze redio kidogo, maana leo nimekuja na jambo ambalo ukisikia jina lake unaweza kudhani halikuhusu: upimaji wa tishu kwa ajili ya kupandikiza figo. Hasa nataka tuzungumze makosa ya maabara katika upimaji huo. Yanatokea wapi? Yanazuiwaje? Na wewe unayenisikiliza, una kazi gani hapo?

Nianze na swali. Umekaa kwenye benchi nje ya maabara, hospitali yoyote ya mkoa wetu wa Kilimanjaro. Mlango unafunguka, kijana mwenye koti jeupe anatoa kichwa na kuita, "Massawe!" Wanasimama wangapi?

Hapa kwetu wanasimama watatu. Akiita Anna Massawe, anakaa mmoja, wawili bado wamesimama. Lyimo ni hivyo hivyo, Mushi hivyo hivyo, Kimaro, Shayo, Swai, usiseme. Tena na majina ya ubatizo tunarithishana. Mjukuu anapewa jina la babu, kwa hiyo kwenye kihamba kimoja cha ukoo yupo Aloyce mzee na yupo Aloyce mdogo, na wote wawili wana kadi za kliniki. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Ila maabara inatupa kazi.

Nitalisema sasa na baadaye nitalirudia: katika upimaji wa kupandikiza figo, kosa la hatari kuliko yote kwa kawaida linaanzia kwenye jina, kabla mashine haijawashwa.

Tuone kwanza tulipotoka. Si zamani sana, mgonjwa wa figo wa hapa mlimani aliyetaka kupandikizwa ilibidi asafirishwe kwenda India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakisaidiana na wenzao kutoka New Delhi. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikishirikiana na Wajapani wa Tokushukai. Mwaka 2023 hapo hapo Dodoma wakaanza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Na uboho ni mkali kuliko figo, kwa sababu usipolingana, wenyewe ndio unaougeukia mwili wa mtoto na kuushambulia.

Sasa mgonjwa wetu wa figo safari yake huanzia hapa Moshi. Anasafishwa damu hospitali ya KCMC, mara mbili au tatu kwa wiki, huku familia inajiuliza nani atoe. Desemba inafika. Watu wamepanda kutoka Dar, Mwanza, Arusha. Mbuzi amechinjwa, kisusio kimenywewa, kisha mzee anasimama na kusema, "Wanangu, ndugu yenu anahitaji figo." Kimya. Halafu mmoja ananyoosha mkono, wa pili, na wa tatu naye. Januari wanaingia maabara kwa pamoja, wanne wa tumbo moja, wote Massawe.

Umeona mtego ulipo? Kwenye vipimo vingine, damu ya Massawe inaweza kukaa karibu na ya Mkwizu au Mollel. Kwenye kupandikiza figo, vichupa vinavyokaa pamoja ni vya watu wa nyumba moja. Jina la ukoo ni moja, kijiji ni kimoja, tarehe ni moja, na mara nyingine hata namba ya simu iliyoandikwa ni moja, ile ya kaka mkubwa.

Tunapima nini hasa? Juu ya chembe za mwili wako kuna alama ambazo kinga ya mwili inazitumia kujua huyu ni wangu, huyu ni mgeni. Wataalamu wanaziita HLA. Ya kwanza kutambuliwa ilitambuliwa Paris mwaka 1958 na daktari Mfaransa Jean Dausset, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Alama hizi tunarithi kwa mafungu: fungu moja kwa baba, fungu moja kwa mama. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana mafungu yote, nafasi mbili katika nne ya kulingana nusu, na nafasi moja iliyobaki hawalingani hata kidogo, ingawa wanafanana sura na wote wanacheka kama mama yao.

Jibu la nani anafaa linatoka hapo. Na hapo ndipo kubadilishana kwa vichupa viwili kunapoleta balaa. Mtu asiyefaa anaonekana anafaa, anayefaa anarudishwa nyumbani, na karatasi zote mbili ni safi, zina mhuri.

Hebu tuangalie kwa karibu. Mtu anakaa kwenye kiti, mkono juu ya mto mdogo. Damu inaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani ya kichupa kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa kusoma vinasaba tunataka zambarau, hatutaki kijani, kwa sababu cha kijani kina heparini, na heparini inaharibu kipimo. Hata damu iliyochotwa kwenye mrija wa mashine ya kusafishia damu inaweza kubeba heparini hiyo hiyo. Haya, kichupa kimejaa. Kinageuzwa taratibu mara kadhaa, hakitikiswi. Sasa inakuja sekunde yenyewe: lebo inaandikwa lini?

Wapo wanaoandika lebo zote asubuhi, wanapanga vichupa vitupu kwenye trei vikiwa na majina tayari, ili kazi iende haraka. Ni uchapakazi, lakini wa kujitafutia matatizo. Simu ikilia katikati, mkono unachukua kichupa cha jirani. Wengine wanachota kwanza, wanaweka vichupa mfukoni mwa koti, wanaandika wakifika mezani. Huko ndiko kubaya zaidi. Utaratibu unaotakiwa ni kubandika lebo pale pale, mwenye damu akiwa bado amekaa, sindano imeshatoka, kabla ya kuita mwingine. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya jalada, saa, na saini ya aliyechota.

Na jina anataja nani? Hapa nakuomba usikilize vizuri. Jina unataja wewe mwenyewe. Mtaalamu akikuuliza, "Mama, wewe ndiye Anna Massawe?", hilo swali halifai. Sisi tumelelewa kuitikia. Mtu mwenye koti jeupe akisema jambo, mama wa Kibosho atasema "ndiyo, mwanangu," hata kama hakusikia vizuri, hata kama ni Agnes. Adabu yetu inakubali haraka. Kwa hiyo kijana wa maabara anatakiwa aseme hivi: "Shikamoo mama. Naomba unitajie majina yako yote matatu." Kisha anyamaze. Anasikiliza huku macho yakiwa kwenye fomu. Asipokuuliza hivyo, wewe taja tu bila kuulizwa, halafu mwambie akuonyeshe lebo. Si ukorofi. Mtaalamu mzuri atafurahi.

Kuna wazee ambao tarehe ya kuzaliwa hawaijui, na jalada limeandikwa tarehe mosi Januari. Kwenye familia moja unaweza kuwakuta wawili wenye Januari mosi hiyo hiyo. Kwao namba ya jalada ndiyo inayobeba mzigo wote, kwa hiyo usiiache nyumbani.

Na hapa niseme neno ambalo wengine watanikasirikia. Kadi ya bima. Tunajua yanafanyika: mdogo mtu anaumwa, hana bima, anachukua kadi ya dada yake, anatibiwa kwa jina la dada. Tunasema ni kusaidiana. Lakini siku ile damu yako ilipimwa, kundi lako liliingia kwenye jalada la dada yako. Miaka mitano baadaye dada anajitokeza kukutolea figo. Jalada lake linasema kundi A, na yeye ni O. Ukiwa na bahati, vipimo viwili vinagongana na watu wanashtuka. Usipokuwa na bahati, mtu anaamini jalada.

Ndiyo maana upimaji wa kupandikiza haukubali sampuli moja. Damu inachotwa siku mbili tofauti, ikiwezekana na watu wawili tofauti, na majibu yanalinganishwa. Kundi la damu ni hivyo, HLA ni hivyo. Vichupa vilivyochotwa kwa mkupuo mmoja na kugawanywa mara mbili havihesabiki kuwa sampuli mbili. Kosa la jina lililoingia kwenye cha kwanza limeingia na kwenye cha pili.

Wenzetu wenye mashine za kila aina hawajasalimika. Februari 2003, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, binti wa miaka 17 wa kundi O alipandikizwa moyo na mapafu ya mtoaji wa kundi A. Watu wengi walishika ile habari, kila mmoja akidhani mwenzake ameshahakikisha kundi. Binti alifariki. Tangu hapo Marekani walikaza masharti ya kuhakiki makundi ya damu zaidi ya mara moja.

Mwaka 2007, Florence, Italia, kipimo cha VVU cha mtoaji kilisoma sahihi kabisa, kuna maambukizi. Mtu aliponakili jibu kwa mkono, akaandika hakuna. Wagonjwa watatu wakapandikizwa. Agosti 2011, Taiwan, jibu lilitolewa kwa simu. Maabara ilisema kuna maambukizi, upande wa pili ukasikia hakuna, na hakuna aliyefungua kompyuta kuangalia kabla ya upasuaji. Viungo vya mtoaji huyo vilikwenda kwa watu watano.

Mashine zilisema kweli, msikilizaji. Kote kuwili. Hivyo vilikuwa vipimo vya VVU, lakini majibu ya HLA yanapita njia ile ile: yanatoka kwenye mashine, yananakiliwa, yanatumwa, yanasomwa na mtu aliyechoka saa nane usiku. Kwa maoni yangu jibu la kupandikiza lisitolewe kwa simu hata siku moja. Ikilazimika, aliyepokea alirudie neno kwa neno, aliandike, na upasuaji usianze mpaka karatasi au kompyuta imethibitisha. Na hizi picha za majibu tunazorushiana kwa WhatsApp, jina limekatwa juu, zinanitisha kuliko kukatika kwa umeme.

Haya, tuingie ndani ya maabara kidogo. Kipimo cha siku hizi kinachukua kipande cha vinasaba na kukizidisha mara mamilioni ili kisomeke. Uzuri wake ndio ubaya wake. Chembe ya vinasaba vya mtu wa jana, ikiwa imebaki kwenye koti, kwenye bomba la kuchotea, au hewani, nayo inazidishwa. Kwa hiyo chumba cha kuandaa damu kinatengwa na chumba cha kuzidisha vinasaba. Koti la huku haliendi kule. Kazi inakwenda upande mmoja tu, hairudi nyuma. Na katika kila mzunguko kuna kichupa kimoja chenye maji matupu. Maji hayana mtu, hayatakiwi kuwa na jibu. Yakionyesha jibu, mzunguko mzima unatupwa, damu zote zinapimwa upya, hata kama mgonjwa yuko njiani. Ukitaka kujua tabia ya maabara, uliza nini kilitokea siku ile maji yalipojibu.

Kuna jingine linalotuhusu sana sisi Waafrika. Bara letu lina aina nyingi za HLA kuliko bara lingine lolote, lakini vifaa vingi vya kupimia vimetengenezwa vikifuata zaidi damu za Wazungu. Mashine inaweza kuona alama moja mahali ambapo zinatakiwa kuonekana mbili. Je, mtu huyu amerithi alama ile ile kwa baba na kwa mama? Inawezekana. Au kifaa kimeshindwa kuiona ya pili? Nayo inawezekana. Mvivu ataandika ameirithi kote kote na kwenda chai. Mwangalifu atapima kwa njia nyingine, au atarudi kwenye familia: tuleteeni damu ya mama.

Na familia ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote cha kukamata kosa. Mtoto na baba lazima washirikiane fungu moja. Wasiposhirikiana, kuna nini? Najua unachowaza, na ndicho ambacho hata baadhi ya wataalamu wanakimbilia. Hapana. Kwanza fikiria vichupa vimebadilishana. Kabla hujafungua mdomo ukavunja nyumba ya watu, chota damu upya. Hata ikija kuthibitika ni kweli, mzee wa watu siye baba aliyezaa, maabara haikuulizwa swali hilo. Iliulizwa nani anafaa kutoa figo. Jibu linakwenda kwa daktari peke yake, na daktari anazungumza na kila mtoaji faraghani. Vivyo hivyo kwa yule ndugu aliyenyoosha mkono kwenye kikao kwa kuogopa macho ya ukoo: faraghani anaweza kusema hataki, na familia ikaambiwa tu kwamba hafai.

Umenielewa hadi hapo? Jina utaje mwenyewe. Lebo ibandikwe mbele yako. Sampuli mbili, siku mbili. Sasa kuna la mwisho, nalo liko mikononi mwako zaidi kuliko mwa maabara.

Hata kama alama zimelingana vizuri, damu ya mgonjwa inaweza kuwa tayari ina kingamwili za kuishambulia figo ya ndugu yake. Tunazitafuta kwa kukutanisha majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyeupe za mtoaji. Kipimo hicho maabara tunakiita krosimachi. Mwaka 1969 Patel na Terasaki, huko Los Angeles, walionyesha uzito wake. Katika wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali kipimo hicho kilionyesha mapambano, figo 24 zilikufa papo hapo. Kwa waliokuwa salama, 195, zilikufa 8. Kipimo hiki kinataka chembe zilizo hai. Damu ya mtoaji ikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani Himo, chembe zinakufa, na mtu mwema akiiweka kwenye friji ili isiharibike, naye ameiharibu. Ikae kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba na ifike mapema. Kwa kweli ni bora mtoaji mwenyewe apande basi kwenda Dodoma.

Kingamwili hizo zinatoka wapi? Kuongezewa damu. Ujauzito. Kupandikizwa zamani. Kwa hiyo kama ulipimwa Januari, Februari ukaishiwa damu ukaongezewa chupa mbili, jibu la Januari limezeeka. Inatakiwa sampuli mpya, wiki mbili au zaidi baada ya hapo, na nyingine karibu na upasuaji. Maabara haiwezi kujua usipoiambia. Na mama, ujauzito wote unahesabiwa, hata ule ulioharibika, hata ule ambao hukumwambia mtu. Mume akitaka kukutolea figo ni jambo la heshima kubwa, lakini ulipobeba watoto wake mwili wako ulikutana na alama zake kupitia kwao, na unaweza kuwa umeshajiandaa kuzipinga. Ukiulizwa mume akiwa pembeni, mwambie nesi, "Naomba tuongee wawili." Ana wajibu wa kumtoa mume nje.

Na maabara yenyewe inajuaje kwamba bado inapima sawasawa? Wakazi wa Moshi mnawajua waonja kahawa wa mnadani. Mbele yao kuna vikombe vyenye namba, hawajui hiki ni cha Lyamungo au cha Mbinga, na lazima waseme ukweli wa kikombe. Maabara nzuri inafanyiwa hivyo hivyo. Sampuli zinatumwa kutoka nje, majibu yake yanajulikana huko zilikotoka, na mkuu wa maabara hawezi kuchungulia. Siku ukifika popote kupimwa kwa ajili ya figo, uliza: mnashiriki upimaji wa kulinganishwa na maabara nyingine? Anayeshiriki atakujibu bila kuzunguka.

Nina dakika moja. Kuna msikilizaji wa Kiboriloni ameandika: "Nilipewa majibu, jina langu limeandikwa Masawe, S moja, kwenye kichupa waliandika mbili. Wanataka kunichoma tena. Si wangeongeza tu hiyo S?"

Ndugu yangu, hapana. Lebo na fomu zikitofautiana hata kwa herufi, kichupa kinamwagwa. Hakisahihishwi kwa kalamu, wala wewe usisahihishe karatasi yako nyumbani. Maana Masawe wa S moja naye yupo, anaishi Uru, na huenda leo alikuwa nyuma yako kwenye foleni. Nenda kachomwe tena, ni maumivu ya dakika.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, tutazungumzia presha, ambayo ndiyo inayowapeleka wengi kwenye hizo mashine za kusafisha damu. Andaeni maswali. Usiku mwema.